Sentensi Zenye Tiki

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilijiona sana. Wallahi, mpaka leo nikikumbuka nataka kujizaba kofi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Kiswahili nimekipasi vizuri kuliko masomo yote, na nangoja kuitwa chuo cha ualimu. Hiyo ni miaka ya tisini mwanzoni. Nyumbani kwetu Mji wa Kale sikuwa na la kufanya ila kuchagua mchele na kumsikiliza mamangu akinisifu kwa wageni. Basi akina mama wa mtaani walipotaka kufunzwa kuandika, na mwalimu wa madrasa akatoa chumba chake cha nyuma, mimi ndiye niliyeitwa nikawafunze. Sikuombwa mara mbili.

Tulianza baada ya sala ya alasiri na kumaliza kabla ya magharibi. Walikuja tisa, wakavua mabuibui, wakaketi juu ya jamvi, kila mmoja na daftari lake magotini. Wengi walikuwa rika la mamangu, na wawili watatu walinibeba mgongoni nikiwa mchanga. Mimi nilisimama mbele yao na kipande cha ubao na biro mbili nyekundu nilizozinunua Makadara. Nilizishika mkononi njia nzima kutoka dukani ili watu wazione.

Asiyeujua mji wetu atadhani wanawake wale hawakujua chochote. Alaa! Wote tisa walihitimu Kurani utotoni, na ukiwapa msahafu walisoma kwa sauti mpaka unasisimka. Ila wasichana wa zamani kwetu walifunzwa kusoma, hawakufunzwa kuandika. Wazee wao waliogopa wakijua kuandika wataandikiana na wanaume. Kwa hivyo walikuwa na macho yaliyosoma na mikono isiyojua kushika kalamu. Hilo nililijua tangu utoto, nikalipita tu.

Mmoja wao alikuwa jirani yetu, mlango wa tatu kutoka kwetu. Alikuwa mjane, akishona kofia za mkono, zile za kutoboa matundu madogo madogo, na watu walikuja kutoka Lamu kuzitafuta. Aliishi kwa mwanawe wa kiume, mkubwa wa watoto wake wawili. Siku ya kwanza wenzake walipoondoka yeye alibaki, akajitia kukunja jamvi.

"Mwalimu," akaniita. Mimi huyu, niliyekula mahamri yake tangu sijaota meno.

"Labeka, mama."

"Mimi sitaki kujua mengi. Nataka barua moja tu. Niiandike mwenyewe kwa mkono wangu, mtu asitie neno lake."

"Ya nani, mama?"

Akaniangalia kama anayesema, na wewe nawe, wajua. Na kweli nilijua, mtaa mzima ulijua. Bintiye alikuwa ameolewa na karani mmoja, mtu wa Kaloleni, kijana mzuri aliyesilimu hata kabla ya kuleta posa. Kakake msichana hakutaka. Ati hatuwajui watu wake. Maneno yalikuwa mengi, siku moja binti akatoka na sanduku lake, akavuka Feri akaenda kukaa Likoni na mumewe. Baada ya wiki mbili akapelekewa barua: usikanyage tena hapa, mimi si mamako. Barua iliandikwa na kakake, lakini kwa jina la mama. Mama mwenyewe hakujua mpaka Idi ilipofika na binti asije kumwamkia. Alipouliza ndipo mwanawe alipomwambia, tena kwa kiburi, kwamba ameshamwandikia kwa niaba yake.

"Mbona usivuke tu, mama?" nilimuuliza. "Feri ni dakika kumi."

"Nende nikabishe mlango wa mtu niliyemtukana? Yeye yuwajua ni mimi niliyemtukana. Na nikituma maneno ya mdomo, yatakuwa yamepita vinywa kumi kabla hayajafika Likoni. Aliambiwa kwa karatasi, na anisikie kwa karatasi." Akanishika mkono. "Utaniweza, mwanangu? Au mimi mzee sana?"

Nikamwambia miezi sita, inshallah, utaandika kama mimi. Nilisema hivyohivyo, kama mimi, na nikaona nimempa zawadi.

Herufi alizipata haraka kuliko wote. Mkono uliozoea sindano haukusumbuliwa na biro. Mwezi wa pili wakawa wanaandika maneno, wa tatu nikaingia kwenye zoezi nililolipenda mno, zoezi ambalo nililifanya vizuri mimi mwenyewe shuleni: neno moja lenye maana nyingi, ulitungie sentensi kuonyesha kila maana. Nikaandika ubaoni *mbuzi*. Mama mmoja mnene, mcheshi, akaandika, "Mbuzi amekula leso yangu," na chini yake, "Mbuzi ya kukunia nazi imeazimwa na haijarudi, na aliyeiazima yumo humu ndani." Darasa likavunjika mbavu. Nilimpa tiki mbili, nikamwambia aondoe hayo ya mwisho.

Maana nilikuwa na sheria zangu. Sentensi iwe fupi. Jambo moja, nukta. Katika mazoezi hakuna *mimi* wala *wewe*, tumia *mama*, *baba*, *mtoto*, kama kitabuni. Na maneno ya nyumbani yasiingie: si *ndia*, ni *njia*, si *mato*, ni *macho*. Aliyekosea aliandika masahihisho mara tatu, kwa mwandiko mzuri, na ule ukurasa wenye makosa aung'oe. Sikupenda daftari chafu. Shuleni sisi tulifanyiwa hivyo, na mimi sikujua ualimu mwengine.

Yule mama wa kofia hakuiweza ile sheria ya *mimi* na *wewe*. Nilipoandika *funga* ubaoni, yeye aliandika hivi: "siku ile mlango sikuufunga mimi mwanangu nilikuwa jikoni nakufungia vitumbua kwa karatasi nilidhani wenda na utarudi"

Hakuna herufi kubwa, hakuna nukta, *wenda* badala ya *unaenda*, na zaidi ya yote maana mbili kazitia katika sentensi moja wakati mimi nimesema kila maana na sentensi yake. Nikaikata kwa wekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Juu yake nikamwandikia kielelezo: *Mama hakufunga mlango. Mama anafunga vitumbua kwa karatasi.* Akaandika mara tatu kila moja, akang'oa ukurasa, akaukunja akautia kwenye kikapu chake cha nyuzi.

Wiki iliyofuata lilikuwa *chungu*. Akaleta: "chungu chako cha wali sijakipikia tangu ushike ndia yako na kahawa ninywayo ni chungu hata nikiinywa na halua"

Nikapandwa na hasira. Sijui kwa nini, labda kwa sababu siku ile kulikuwa na joto na mwalimu wa madrasa alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Niliisoma kwa sauti mbele ya wenzake, moja kwa moja bila kupumua, kama alivyoiandika, ili wasikie ilivyokosa nukta. Nilitaka wacheke. Yule mcheshi alianza kucheka, kisha akaacha. Wakawa wote wanatazama jamvi.

"Mama," nikasema, "hii si sentensi. Ni mazungumzo. Nimekufunza mara ngapi?"

"Haya, mwalimu," akajibu. "Nionyesha ya sawa."

Nikamwonyesha. *Mama anapika wali kwa chungu. Kahawa ni chungu.* Kuanzia siku ile hakukosea tena. Kila neno nililotoa alilitungia sentensi fupi, safi, zenye nukta mahali pake. Wengine waliendelea kuharibu, yeye alipata tiki juu ya tiki. Nilimsifu mbele ya wenzake, nikampelekea mamangu daftari lake nyumbani akalione. Mamangu alilifungua, akasoma kidogo, akasema, "Mbona hamna kitu humu?" Nikamwambia mama we, hujui mambo ya shule.

Mwezi wa sita ulipofika, alikuja mapema kabla ya wenzake, akatoa karatasi ndani ya kikapu. Ilikuwa barua. Alikuwa ameiandika peke yake nyumbani, mwanawe akiwa kazini, ikamchukua siku nne.

"Iangalie," akaniambia. "Nimeziokota zile zenye tiki. Sikutia hata moja ambayo hukuipasisha."

Nilisoma nimesimama. *Kwa binti mpendwa. Natumai u buheri wa afya. Mama ni mzima. Mama hakufunga mlango. Mama anafunga vitumbua kwa karatasi. Kahawa ni chungu. Mama hakuandika barua ile. Mama anaandika barua hii kwa mkono wake.* Ikaendelea hivyo ukurasa mzima. Mtu atauliza, na mimi nimejiuliza miaka mingi, vipi mama mzima, msemaji kama yule, atamwandikia mwanawe maneno kama hayo akaona sawa. Sasa nadhani nimefahamu. Maisha yake yote alikuwa akisoma kwa lugha isiyokuwa ya nyumbani, Kiarabu cha msahafu. Maandishi kwake yalikuwa na lugha yao, ya heshima, ambayo mtu hujifunza kwa mwalimu na haihoji. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Nilimwambia lugha ya maandishi ni hii, na alinisadiki.

Siku ile sikufikiri lolote kati ya hayo. Nilitafuta kosa, sikuliona. Ukurasa mzima bila kosa hata moja! Furaha ikanipanda kichwani, na mkono wangu, kwa mazoea tu, haki ya Mungu kwa mazoea tu, ukashika ile biro nyekundu nikapiga tiki kubwa chini ya barua, na pembeni nikaandika *Vizuri sana*.

Niliposhtuka kumbe nimeharibu, yeye ndiye aliyenitetea. "Iwache," akasema. "Ataona kwamba mamake amepasi." Akaikunja, akaitia ndani ya bahasha, na asubuhi yake akampa jirani mmoja aliyefanya kazi ng'ambo ya Feri. Jirani alirudi akasema ameitia mkononi mwa binti mwenyewe.

Akangoja. Wiki ya kwanza alikuja darasani amepaka hina. Mwezi wa kwanza akaniuliza kama watu wa Likoni huwa wazito kujibu. Mwezi wa pili akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama mwandiko wake ulisomeka.

"Labda nimeandika vibaya, mwalimu. Labda hakuufahamu."

Na mimi nikafanya nini? Nikampa mazoezi ya mwandiko! Nikamchorea mistari nikamwambia *a* yake haijajifunga vyema na *g* yake imelala. Akajaza kurasa na kurasa za *a* na *g*. Mjane wa miaka hamsini na kitu, moyo wake umekatika, ameketi juu ya jamvi anaandika *g g g g* mpaka adhana. Nikikumbuka hilo kuliko mengine yote ndipo ninapoomba ardhi inimeze. Baadaye akaacha kuja. Alisema mato yamechoka, na mara hii sikumsahihisha.

Nikaitwa chuoni, nikaenda. Nikapelekwa kufundisha bara, nikaolewa huko. Kila nilipokuja likizo nilikwenda kumwamkia, akanipa kahawa na kunipokea kwa bashasha, na mimi sikumuuliza kuhusu barua, niliona haya. Yeye pia hakuitaja. Ilipita kama miaka minne hivi. Kisha likizo moja nilifika nyumbani nikakuta buibui la mamangu limetandikwa kitandani tayari, anakwenda mazishini. Yule mama wa kofia alikuwa amefariki alfajiri ile, ghafla tu, baada ya kusali.

Kakake binti ndiye aliyemtumia habari, na binti akavuka na mumewe na watoto wawili ambao bibi yao hakuwaona. Mlangoni kakake alimkumbatia akalia kama mtoto mdogo, wanaume wakamshika. Sikuwa na la kumlaumu, mimi ninayesimulia haya.

Siku ya tatu, baada ya khitma, wageni walipopungua, nilikuwa uani nikiosha vikombe vya kahawa. Binti akaja akachuchumaa karibu yangu, akaanza kuvipangusa. Tulikuwa tumecheza pamoja utotoni, yeye mkubwa kwangu kidogo.

"Ati ni wewe uliyekuwa ukiwafunza mama na wenzake?" akaniuliza.

"Ndimi."

"Kuna barua niliipata zamani." Alisema bila kuniangalia. "Niliisoma mara moja nikaitupa chini ya sanduku. Nilijua ni kaka, mamangu niliyemwacha hakujua kuandika. Nilijua amemtafuta mtoto wa shule amwandikie, amenichezea shere. *Mama hakufunga mlango. Kahawa ni chungu.* Mamangu hata akikuita uje ule alikuwa anakupa hadithi! Halafu chini mtu kasahihisha. Tiki nyekundu. Nikasema, kumbe hata hawaoni haya, wametumia zoezi la mtoto." Akaweka kikombe chini. "Ni nani aliyeiandika ile barua?"

Ningeweza kusema sijui. Neno lilinifika kwenye ncha ya ulimi, na hakuna mtu duniani ambaye angenisuta. Nikasema, "Yeye. Kwa mkono wake. Ilimchukua siku nne."

"Basi mbona hasemi kama yeye?"

Nikamwambia. Nikamweleza vile alivyobaki siku ya kwanza akaniomba barua moja tu. Nikamweleza sheria zangu, masahihisho mara tatu, kurasa nilizomng'oesha. Nikamwambia kwamba kila neno nililoandika ubaoni mamake alilitumia kumwandikia yeye, wiki baada ya wiki, na kwamba tiki ni yangu. Nilisema yote nikiwa nimeshika kikombe kilekile, nakiosha na kukiosha. Nilingoja anipigie kelele. Ningeshukuru. Hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa leso, na nilisikia watoto wake wakicheka upande wa mbele.

Alipojifunua aliniuliza jambo moja. "Kabla hujamsahihisha, alikuwa akiandikaje?"

Nikamwambia ile ya vitumbua na ile ya chungu cha wali, neno kwa neno, bila nukta, kama zilivyokuwa. Akazirudia polepole pamoja nami, midomo yake ikienda, na usoni pake nikaona kwamba sasa anaisikia sauti ya mamake.

"Nyengine?" akasema.

Nikafikiri. Zilikuwa thelathini, labda arobaini. Nilizisoma zote, mimi peke yangu, na kurasa zake ziling'olewa zikafungiwa nyuzi, zikatupwa.

"Nipa nyengine. Hata moja."

Nilikumbuka *ndia* badala ya *njia*. Nilikumbuka *mato*, na jina la binti alilolianza kwa herufi ndogo, na nukta zilizokosekana, na mahali alipoandika neno moja kama mawili. Makosa yake nilikuwa nayakumbuka yote, sentensi zenyewe hazikunijia hata moja. Nikamwambia, "Sikumbuki."